Mafuta ya Zambarau

2 Februari

Mwanangu Mama Maswali,

Hatujambo, na mama yako anakusalimu sana. Yuko nje anapiga pasi sare za shule, nami nimejifungia chumba cha vyerehani nikuandikie kwa kalamu kama mtu wa zamani. Simu tunaitumia wawili, na spika yake inapayuka mpaka mpangaji wa mbele anajua umekula nini mchana. Sitaki mama yako asikie ninachokuomba. Atasema nakusumbua kazini.

Shida yangu ni mafuta. Vyerehani ninavyoletewa kutengeneza siku hizi ni vya umeme, vinakimbia kama vinafukuzwa, na mafuta niliyozoea yanakauka kabla mwenye mashine hajafika kwake. Juzi redioni nilimsikia mtaalamu akieleza hivyo vipira vya kaboni mnavyotengeneza huko kiwandani. Anasema vikitiwa kwenye mafuta vinabiringika kati ya chuma na chuma kama gololi. Niliruka kwenye kiti! Miaka yote unaniambia kazi yako ni fulerini, nami naitikia tu kama mtu aliyeelewa, kumbe ni kitu kinachonihusu. Nitumie kichupa kimoja nijaribu.

Halafu huyo mtaalamu akasema vinafaa hata kwa afya ya mwili, ila mama yako aliniita, sikusikia mwisho wake. Hebu nieleze wewe.

Mimi siku hizi nashona matundu ya vifungo. Usicheke. Na kola pia. Mama yako ana wateja wengi, namsaidia mawili matatu.

Baba yako


11 Februari

Baba,

Nimecheka mpaka wenzangu wa maabara wakageuka. Wewe uliyekuwa ukisema kazi yako inaishia pale ya mama inapoanza, leo unashona kola? Mwambie mama apunguze wateja, atakumaliza.

Haya, kaa vizuri nikueleze. Tunachukua vijiti viwili vya kaboni, ile nyeusi iliyo ndani ya penseli, tunaviweka kwenye tangi lililojazwa gesi ya heli, kisha tunapitisha umeme mkali kati yake. Inatoka cheche nyeupe, ukiitazama hivi hivi unaharibu macho. Kaboni inakuwa moshi, na moshi unaganda kwenye kuta za tangi kuwa masizi. Masizi hayo tunayakwangua na kuyaosha kwa kiyeyusho. Hapo ndipo penye raha yangu, baba. Kitu cheusi tii kinatoa maji ya zambarau! Ndani yake mna chembe ambazo kila moja ni atomu sitini za kaboni, zimeshikana kama vipande vya mpira wa miguu, na katikati ni patupu.

Tabia ya fulerini ni uroho. Inavuta elektroni kama mtu aliyefunga siku nzima. Kwa sababu hiyo watu wa paneli za sola wanaipenda: mwanga ukiamsha umeme ndani ya paneli, fulerini inaudaka kabla haujapotea. Watu wa vipodozi nao wanaitia kwenye krimu, kwa kuwa inadhibiti kemikali korofi zinazozeesha ngozi. Watu wa mashine wanaitaka ipunguze msuguano. Lakini hilo la gololi, mtaalamu wako katia chumvi. Wakati mwingine chembe zinashikana mabonge na hazibiringiki kokote. Nitakutumia kichupa, anza na cherehani kibovu.

La afya ndilo linaloninyima raha. Meneja wetu ameamua kiwanda kianze kuuza mafuta ya kula yaliyotiwa fulerini, kijiko kimoja kila asubuhi, eti mtu asizeeke. Chupa zimeshafika. Ni za kioo cheupe kinachoonyesha ndani, maana rangi ya zambarau ndiyo itakayouza. Mimi ndiye mkuu wa ubora, na pasipo sahihi yangu hayatoki. Kila asubuhi Meneja ananipitia mezani: "Dada, vipi, bado tu?" Namjibu bado napima. Kweli napima, lakini pia namkwepa. Nimeshaanza kupita mlango wa nyuma kama mwizi.

Mama hajaniandikia tangu mwaka uanze, na nikimpigia anakata upesi. Nimemkosea nini?

Mama Maswali wako


20 Februari

Mwanangu,

Kichupa kimefika salama. Nimekijaribu kwenye cherehani kimoja kikongwe na kinaimba. Ahsante.

Mama yako hujamkosea kitu. Ana kazi nyingi tu.

Nina maswali kidogo. Hayo mafuta ya kula, mtu akiyanywa yanakwenda wapi mwilini? Yanafika kichwani? Maana umesema vipira vinadhibiti vitu vinavyozeesha ngozi. Sasa ikiwa ngozi inazeeka na kitu kikaweza kuizuia, ubongo nao si nyama kama nyama nyingine? Mtu aliyeanza, tuseme, kusahausahau, akinywa mapema, si anaweza kurudi sawa? Au walau asiendelee?

Nauliza kwa ajili yangu. Umri umekwenda. Jana nilitafuta miwani na kumbe nimeivaa.

Usipoteze muda kwa jibu refu. Ndiyo au hapana inatosha.

Baba yako


28 Februari

Baba,

Hapana. Umetaka neno moja, hilo hapo. Lakini najua hutatulia, na mimi pia sitatulia.

Hakuna mtu anayejua kwa hakika kama mafuta haya yanamsaidia binadamu. Kuna waliowapa panya wakasema wameishi zaidi, wakaja wengine wakajaribu, wakakosa. La kumbukumbu ndiyo kabisa, ni maneno ya wauzaji.

Kuna baya zaidi, na ndilo linalofanya nisimpe Meneja sahihi. Ule uroho niliokwambia unageuka ukikutana na mwanga. Gizani fulerini imetulia. Ikipigwa na mwanga, inabeba nguvu yake na kuikabidhi oksijeni iliyomo kwenye mafuta, na oksijeni hiyo inakuwa kali, inaunguza kila kilicho jirani. Tumewapa panya mafuta yaliyokaa kabatini, hawakuwa na neno. Tukawapa yaliyokaa mezani penye taa. Wakaacha kula, wakajikunyata, na wengine wakafa. Ni mafuta yale yale, yametoka tangi moja! Nilimpelekea Meneja matokeo, akaniambia tutaandika kwenye lebo "weka mbali na jua" na mambo yataisha. Nikamwuliza, kwa chupa ya kioo cheupe? Akasema, "Dada, kiwanda hiki kinalisha watu wengi, usiwe kikwazo."

Sasa wewe. Mtu anayevaa miwani akaitafuta si mgonjwa, ni baba yangu wa siku zote. Lakini kama kuna kitu kinakusumbua, nenda hospitali, usiniulize kwa mafumbo. Na kama unaogopa tu kuzeeka, samahani baba, hilo hata mimi naliogopa, na sina chupa yake.

Nimeandika kwa ukali kidogo. Siku hizi naamka nimeuma meno.

Binti yako


2 Machi

Mwanangu,

Barua yako bado haijafika, ila sikuweza kusubiri. Nina habari njema.

Nimeyapata! Dukani pale kwa muuza dawa baridi, chupa zimepangwa kwenye rafu ya mbele, na kwenye lebo pameandikwa jina la kiwanda chenu. Nilimwambia muuzaji, "Haya kayapima binti yangu." Akanishika mkono kama mheshimiwa. Kumbe ulikuwa unanitania na sahihi yako! Au ulisaini baada ya kuniandikia? Kwa vyovyote, nilijivuna mpaka nyumbani.

Nimeiweka chupa dirishani, chumba cha vyerehani. Asubuhi jua likiipiga, ukuta mzima unakuwa zambarau. Mama yako anakuja kusimama hapo, anaitazama, anacheka. Muda mrefu sijamwona akicheka hivyo.

Usiwe na wasiwasi, mimi si mjinga. Nimeanza kunywa mwenyewe, kijiko asubuhi na kijiko jioni. Nikimaliza wiki bila kudhurika, ndipo mwenye nayo aanze.

Baba yako


8 Machi

Baba,

USINYWE. Mwaga. Usimpe mtu yeyote!

Sikusaini mimi. Barua yako imenikuta maabara, nikashuka ghalani mbio, na mtunza ghala akanionyesha nafasi tupu. Meneja alizitoa chupa "za majaribio" bila sahihi yangu wala ya mtu mwingine. Alidhani nitasaini tu mwishowe na hakuna atakayejua zilitangulia. Umenunua kitu nilichokataa, ukakinunua kwa sababu uliamini nimekikubali.

Nimepiga simu nyumbani. Kapokea mama. Nikamwuliza, "Baba yuko wapi?" Akasema umekwenda kazini. Nikasema mwambie amwage yale mafuta ya dirishani. Akasema, "Mafuta gani?" Nikamweleza, akaitikia vizuri. Halafu akaniuliza mume wangu na watoto hawajambo.

Baba, mimi sina mume. Sina watoto. Nilidhani ananitania, nikacheka, naye akacheka. Nimekata simu nimetulia, nikajiambia kama umekwenda kazini basi u mzima. Nikapika chai. Chai ikapoa. Kazi yako si iko chumba cha vyerehani, humo humo ndani? Umekwenda kazini wapi?

Nimepiga tena na tena, hamjapokea. Barua hii naipa dereva wa basi la leo aikabidhi mkononi. "Mwenye nayo" ni nani? Niambie.

Binti yako


13 Machi, wodini

Mwanangu,

Dereva alimpa jirani yetu, mke wa fundi bomba, na yeye kaniletea hapa, pamoja na ile yako ya Februari iliyofika nimeshaanguka. Najua umeshazungumza na daktari kwa simu ya jirani, kwa hiyo sitakueleza habari za ini langu. Nimetapika nilivyotapika. Sasa nakunywa uji na nusu ya kilo zangu imebaki kwenye beseni la hospitali. Daktari anasema hawezi kuapa ni mafuta, ila aliponiuliza nilikula nini kigeni nikamwambia, akatikisa kichwa sana. Nitapona. Nimeamua.

Sasa nikueleze ulichouliza.

Mama yako anapotea, mwanangu. Si njiani tu, ingawa hata njiani ameshapotea. Ilianza na cherehani. Siku moja nilimkuta amekaa mbele yake, uzi mkononi, anaiangalia sindano kama mtu aliyeulizwa swali kwa lugha ngeni. Alikuwa hajui uzi unapita wapi. Mwanamke aliyekuwa akitunga uzi huku anagombana na mimi bila hata kutazama! Akaniomba kwa machozi nisikwambie. Akasema, "Ataacha kazi yake aje kunitazama kama mtoto." Nikamwapia.

Tangu hapo yeye anashona, na akilala mchana mimi nafumua. Mikono ya mashati anaiweka juu chini. Sare za shule zote zilizotoka mwaka huu nimezirudia mimi. Sasa umejua kola nimejifunzia wapi. Simu ukipiga anaikata upesi kwa sababu anaogopa atakosea.

Mafuta yalikuwa ya kwake. Hakuyaonja, nakuapia tena, na kiapo hiki sikivunji. Siku niliyoanguka alinifunika blanketi, akakaa karibu yangu, na jirani alipoingia akamwambia nimekwenda kazini. Nilimsikia. Sikuwa na nguvu ya kusema.

Najua unataka kupanda basi sasa hivi. Usije kwanza. Mama yako yuko kwa jirani, anaelewana naye. Lakini pale dukani nilikuta watu wawili nyuma yangu, kila mmoja na chupa mkononi, na mmoja alikuwa mama mwenye mtoto mgongoni. Walinisikia nikisema nini? Kwamba kayapima binti yangu. Nenda ukazirudishe hizo chupa, halafu ndipo uje.

Baba yako


27 Machi

Mama yangu,

Barua hii ni yako peke yako. Baba asiisome juu ya bega.

Najua. Usimkasirikie, alishikilia kiapo mpaka kikamlaza hospitali.

Nilikwenda ofisi ya viwango, nikiwa na matokeo ya panya, na chupa niliyoinunua mwenyewe dukani kama mteja yeyote. Karani wa mapokezi akaniuliza, "Unashitaki kiwanda gani?" Nikasema, "Changu." Akaweka kalamu chini. Wakaguzi walifika baada ya siku chache, wakafunga ghala kwa lakiri, na redio ile ile anayosikiliza baba ikatangaza watu wazirudishe chupa. Nyingi zimerudi. Si zote. Hilo linaniamsha kabla ya jogoo, nawaza madirisha ya watu nisiowajua.

Meneja aliniita. Sikutegemea, lakini hakufoka. Alikaa na tai yake imelegea, akasema, "Mama yangu pia alikuwa anakunywa. Nilimpelekea mimi, katoni nzima." Nikamwuliza hali yake. Akasema hajambo, alikuwa anaificha kabatini ili wajukuu wasiichezee. Kisha akanipa barua ya likizo isiyo na tarehe ya mwisho. Wenzangu wa paneli za sola wananiambia kitengo chao kitanichukua mambo yakitulia. Fulerini haina kosa, mama. Bado naipenda. Kule ndani ya paneli, mwanga ndio inaouhitaji.

Sasa nina nafasi, na sijui niitumie vipi. Nazunguka chumba. Nimefunga begi, nikalifungua, nikalifunga. Nataka kukuleta huku kwa madaktari wakubwa. Nataka pia nisikuamulie kama mtoto, ndicho ulichokuwa unakiogopa. Niambie wewe. Nije? Nikija, nije kufanya nini? Hakuna kitu maabara yetu inachotengeneza ambacho ningekuletea mkononi.

Mwanao


4 Aprili

Mwanangu,

Naandika asubuhi, ndipo kichwa changu kinapokuwa chepesi. Nimemfukuza baba yako aende akatembee. Amerudi nyumbani, amekonda, anakula kama nzige. Jirani ameniandikia tarehe hapo juu, mengine yote ni yangu.

Madaktari wakubwa tutawaona, sikatai. Tutakwenda pamoja na nitakuwa na maswali yangu, si wewe peke yako mwenye maswali. Lakini usije kwa ajili ya kunitibu. Umechoka. Baba yako alitaka kunitibu na tazama.

Kwamba alikuwa akifumua kazi yangu nilijua. Mtu haishi na mikono yake miaka yote hii akashindwa kuijua mishono isiyo yake. Ya baba yako imebana mno, kama anafunga gunia. Nilinyamaza kwa sababu alikuwa anajitahidi. Usimwambie.

Wateja nimewaambia ukweli mwenyewe, mmoja mmoja. Mwalimu mkuu, mwenye zile sare za shule, alilia, nikambembeleza mimi! Sasa nakata vitambaa tu, kwa chaki na mkasi, hapo bado mkono unajua njia, na mke wa fundi bomba anashona. Nampigia kelele. Kelele sijazisahau.

Baba yako amerudi nyumbani, amekonda, anakula kama nzige.

Mwanangu, kuna siku nakuwa ndani ya nyumba yangu na ninaitafuta nyumba. Natoka chumba hiki naingia kile, miguu haitaki kukaa. Baba yako ananifuata nyuma akiniambia tulia, tulia, na hilo tulia lake ndilo linalonitia wazimu. Ninachotaka ni mtu wa kutembea na mimi tu, asiniulize tunakwenda wapi. Wewe tangu mdogo hukujua kukaa. Kazi hii itakufaa.

Kwa hiyo njoo. Njoo sasa, usingoje begi likamilike. Na ukifika mlangoni, nikikuita kwa jina la dada yangu, usinisahihishe. Itika, halafu ingia ndani.

Mama yako